Mabuloni Mupya na Kinu ya Agnès

Siku ya Mungu, 3 novembre

Madame Émerance, ule anatufundisha kusoma na kuandika ku paroisse, amesema kila muntu wa kilasi ya bazee aandike siku zake, kuanzia mvua ya kwanza mupaka mahindi ikomae. Bengine balilalamika. Balisema, madame, tutaandika nini, shiye bantu ya kulima tu? Mi sikulalamika. Mi niko na mambo.

Jina yangu Mwelwa. Nilizaliwa Pweto, kwenye maji na samaki, lakini mukono yangu ilisomea Kipushi, chini ya udongo, mu mugodi, kwenye mapompe. Ma-ingénieur balikuwa na vitabu, mi nilikuwa na mukono. Hakuna buloni yenye ilinikatala. Sasa niko huku Kasungami na bibi yangu Agnès, mwenye nilioa, na mashini ya kusaga mahindi yenye inazungushwa na motere ya mazuti, ile mafuta ya camion. Motere ya zamani, chuma ya kweli. Bantu banatoka mbali na beseni ku kichwa juu ya kufika kwangu.

Mvua ya kwanza imenyesha leo wakati wa misa. Aksanti Mungu.

Siku ya kwanza, 4 novembre

Nimesaga tangu asubuhi. Motere inaimba.

Siku ya tano, 8 novembre

Lazima niandike juu ya Stanislas, kama sivyo muntu hataelewa.

Stanislas ni Mukasai, mwalimu wa zamani wa ufundi. Alifundishaka batoto ya benyewe kufungua motere kwa chaki na tableau. Alipopata pensheni, alijenga ngambo ya barabara, mbele ya mulango yangu, na mu nyumba yake akaweka mashini ya kusaga yenye inatumika na kuran ya umeme. Mbele ya mulango yangu! Kasungami yote iko kubwa vile, na yeye hakuona kiwanja ingine.

Ile siku alifungua, bantu ya quartier balikusanyika kuangalia. Mi nilisimama mu barabara, nikasema na sauti: "Mu nyumba ya Mwelwa, hata kiganja moja ya mahindi haitavuka hii barabara. Bibi ya mwenye mashini hatasimama mu foleni ya mashini ya mwingine." Bamama balipiga vigelegele. Stanislas alicheka tu, akasema, "Vieux, barabara ni ya bote."

Tangu ile siku tunasalimiana kwa kuinua mukono, sio kwa mudomo. Claudine, bibi yake, anasalimiaka Agnès mu siri, ku kisima. Banafikiri sijue.

Siku ya posho, 9 novembre

Leo nimekaza mabuloni ya kichwa ya motere. Kila posho, siku ya mwisho ya kazi, nafanyaka vile, kama bengine banaendaka kukata nywele. Nachukua clé, ile spana ya mabuloni, naweka tiyo, bomba ya chuma, ku mukono ya clé juu ya kuongeza urefu, na navuta mupaka nasikia mu mabega kama imetosha. Hakuna mashini ya kupima inashinda mabega ya Mwelwa.

Agnès alikuwa anachambua majani ya lengalenga. Akasema, "Kila posho unaikaza. Itaendaka wapi ile buloni siku moja?"

Namuambia, "Itaendaka kwenye naipeleka."

Siku ya kwanza, 18 novembre

Radiateur ya motere inakunywa maji. Asubuhi najaza, saa sita iko tupu. Moshi inatoka ya nyeupe. Nimekaza tena, hata kama leo si posho.

Siku ya tano, 22 novembre

Motere imelala. Nilifungua kifuniko ya mafuta, nikakuta mafuta ni kama chai ya maziwa. Maana yake maji imeingia mu mafuta, na njia ni moja tu: joint ya culasse. Ile joint ni kama karatasi nene, inalala kati ya kichwa ya motere na tumbo yake, na mabuloni ya kichwa njo yenye inazibana pamoja. Joint ikiungua, maji na mafuta na moto banatembeleana kama bajirani ya vibaya.

Nitabadilisha joint. Kazi ya muntu moja. Niliambia bamama barudi kiisha siku mbili tatu. Baliangaliana, kiisha balivuka barabara na beseni zao, moja moja, bila kuniangalia.

Siku ya posho, 23 novembre

Agnès ametoa kinu nyuma ya nyumba. Ilikuwa na manyasi ndani na chura moja. Ameisafisha.

Namuuliza, unafanya nini? Akasema, "Kesho utakula nini, Mwelwa? Chuma?"

Nilitaka kumuambia apeleke mahindi… Hapana. Nilisema neno mu barabara, mbele ya bantu. Agnès analijua. Alianza kutwanga. Mulio ya kinu yake ni mbili nzito, moja nyepesi, kiisha anapumua.

Siku ya kwanza, 25 novembre

Nilienda mu ville kwa Paluku, Munande mwenye kuuza mapièces ya motere na camion zake zinatoka mupaka Zambie. Kijana wa heshima, Mukristo, lakini mudomo yake haina frein ya kuisimamisha.

Akaweka joint ku meza. Kiisha akaweka na mabuloni mupya, yanang'aa, ndani ya mafuta.

"Baba Mwelwa, na hii."

"Ya nini? Mabuloni yangu iko nzima."

"Umeyakaza mara ngapi?"

"Tangu mbele uzaliwe."

"Basi, baba, buloni ya kichwa ni kama mpira ya caleçon, nguo ya ndani. Unaivuta, inabana. Unaivuta tena, inabana. Siku moja unaivuta, inakuja tu, na inabakia vile. Utatembea na mukono ku kiuno."

Mu duka bote bakacheka. Mwanamuke moja mwenye kununua phare, taa ya motokari, alicheka mupaka akakaa chini. Nilimuambia Paluku chuma ya zamani haichoke, chuma ya leo njo ya karatasi. Nikachukua joint, nikaacha mabuloni yake. Akanisindikiza mupaka ku mulango na kuniambia, "Nitakuwekea, baba. Haitauzwa kwa mwingine."

Siku ya ine, 28 novembre

Nimefungua kichwa, nimesugua, nimeweka joint mupya, nimerudisha mabuloni yangu, nimekaza na tiyo. Kazi nzuri kuliko ya kitabu.

Siku ya tano, 29 novembre

INAIMBA! Bamama banarudi. Nilipita karibu na barabara mara tatu bila sababu, juu Stanislas anione.

Agnès amerudisha kinu nyuma ya nyumba. Aksanti Mungu, na aksanti mukono yangu.

Siku ya tano, 6 décembre

Moshi nyeupe. Nimekaza.

Siku ya kwanza, 9 décembre

Nimekaza. Mvua kubwa, paa ya mashini inavuja kwenye pembe.

Siku ya tatu, 11 décembre

Nimekaza. Buloni moja inazunguka na inazunguka, lakini haifike mahali. Ni kama kumuambia mulevi neno.

Siku ya kwanza, 16 décembre

Motere imelala tena. Kinu imetoka. Mbili nzito, moja nyepesi.

Siku ya pili, 24 décembre

Leo nimeandika na hasira, madame Émerance atanisamehe maandishi.

Niliweka joint ya pili. Nilisema moyoni, ile ya kwanza haikukazwa kutosha. Basi nilitafuta tiyo ingine murefu zaidi. Nikavuta. Buloni ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu ikalia kama ufito mukavu, kiisha nikajikuta chini mu matope na clé mukononi na kichwa ya buloni ndani ya clé.

Imekatika. Motere yangu, mwili yake imebakia na musumari ndani.

Agnès alikuja mbio na mikono nyeupe ya unga. Akanisimamisha. Akanipangusa matope. Afazali angenitukana. Ngambo, Stanislas alikuwa amesimama ku mulango yake, anaangalia. Na yeye hakucheka. Nilichukia ile kutocheka kuliko kucheka.

Noeli

Tulikula bukari ya unga ya kutwanga, na samaki ya kukauka yenye mudogo yangu alituma toka Pweto, na visashi, mboga ya karanga. Unga ilikuwa na vipande vipande. Nilisema iko tamu. Ilikuwa tamu kweli.

Niliona viganja ya Agnès wakati ananawa, vimepasuka juu ya kutwanga. Yeye alivificha mu kikwembe yake ya kiuno.

Siku ya kwanza, 30 décembre

Nilitoa kichwa ya motere. Kipande ya buloni ilikuwa imebakia inatokeza juu, nikaimwangia mafuta, nikaiacha inywe, kiisha nikaizungusha pole pole na pince ya kubania mupaka ikatoka yote. Muntu mwingine angeharibu. Mi, hapana.

Lakini sasa niko na motere wazi, bila kichwa, na mvua kila siku, na sijue nitafanya nini. Nimeifunika na bâche, turubai ya mvua.

Siku ya tatu, 8 janvier

Mvua. Kinu. Mvua. Kinu.

Siku ya ine, 9 janvier

Kinu ilinyamaza.

Nilikuwa ku mashini, nasugua chuma yenye ilikuwa tayari safi. Nasikia mbili nzito. Nikangoja ile moja nyepesi. Haikukuja.

Nilikimbia. Nilimukuta Agnès amelala ubavu karibu na kinu, mahindi imemwangika mu matope, kuku zinaokota. Macho yake ilikuwa wazi. Alisema, "Fukuza kuku." Vile tu. Fukuza kuku! Nikamubeba. Ile mukono ya Kipushi, yenye nilijisifu nayo, ilishindwa kufungua mulango ya lupango, ya kutokea mu barabara.

Mwenye alifungua mulango ni Claudine. Alivuka barabara bila viatu. Alimushika Agnès miguu, mi kichwa, tukamupeleka ku dispensaire na pousse-pousse ya kubebea mifuko. Mu njia Claudine alikuwa anaombea mu Tshiluba ya kwao. Sikuelewa neno, lakini nilisema amina kila mahali alipumua.

Siku ya posho, 11 janvier

Ni tension, presha ya damu. Ilipanda sana. Muganga ni mwanamuke kijana, ameongea na mi kama na mutoto. "Baba, huyu mama hatwange tena. Unanielewa? Hata kidogo. Moyo yake inachoka. Ukimurudisha ku kinu, utamurudisha hapa, na siku ile sijue kama tutamufikia."

Nilisema nimeelewa. Agnès alisema, "Muambie tena, docteur. Anasikiaka na sikio moja."

Yuko muzima. Aksanti Mungu. Aksanti Mungu. Naandika mara mbili juu mukono yenyewe inataka.

Siku ya Mungu, 12 janvier

Agnès amerudi ku nyumba, yuko ku kiti mbele ya mulango, na blanketi. Hatukuwa na unga. Nikasema, nitatwanga mi mwenyewe. Mukono yenye ilifunga mapompe ya Kipushi itashindwa na mahindi?

Imeshindwa. Kutwanga si kuvuta. Kutwanga ni kuacha muti ya kutwangia ianguke mwenyewe, na mi niliisukuma. Mahindi iliruka nje kama panzi. Kiisha muda kidogo bega ilikataa. Bamama benye kutoka misa balisimama ku lupango.

"Baba Mwelwa," mama Benita, jirani yetu, akasema, "kinu haina mahali ya kuweka tiyo!"

Bakacheka bote. Agnès alicheka pia, ndani ya blanketi, mupaka akakohoa. Kwanza nilikasirika. Kiisha nilimuona anacheka, na hasira ikanitoka. Ningetwanga mupaka jioni, kama kule kucheka kungebakia.

Siku ya kwanza, 13 janvier

Nitaandika hii siku yote.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilijaza beseni na mahindi. Agnès alikuwa ananiangalia toka ku kiti.

"Unaenda wapi na beseni?"

"Kusaga."

"Kusaga wapi? Motere yako haina kichwa."

"Hata mi sina," nikamuambia.

Nikaweka beseni ku kichwa. Sikuitaka ku bega kama mwanaume anabeba mufuko. Nilisema, kama ni kuona haya, niione yote. Nikavuka. Ni barabara fupi, camion mbili hazipitane, lakini ile siku ilikuwa murefu kama njia ya Pweto.

Bamama balikuwa mu foleni pembeni ya ukuta ya Stanislas. Baliponiona, baligusana na viwiko. Nikasimama nyuma ya muntu wa mwisho.

Stanislas alitoka, na unga mu ndevu. Aliniangalia, aliangalia beseni. Mi nilingoja aseme kitu mbele ya bantu, kama mi nilisema mbele ya bantu. Ilikuwa haki yake. Mama moja mbele akasema, "Professeur, mupitishe muzee, tutangoja."

Stanislas akasema, "Hapana. Foleni ni foleni. Papa Mwelwa ni kama bote."

Na akarudi ndani.

Nilisimama mu foleni. Na nikaelewa kitu, pale, na beseni inanibonyeza shingo: angenipitisha mbele, angenifanya mugonjwa, ao maskini, ao muntu ya kuhurumia. Alinifanya client, mwenye kulipa na kungoja kama bote. Tangu alijenga mbele ya mulango yangu, hakuna muntu alinipa heshima kubwa kama ile.

Zamu yangu ilipofika, alisaga mwenyewe, akapitisha mara mbili unga ilainike. Nikamuambia, "Mashini yako inapiga kelele kama mbuzi." Akasema, "Lakini inasaga kama meno ya mbuzi." Akanirudishia beseni. Kiisha akaniuliza na sauti ya chini:

"Mabuloni, uliyabadilisha?"

"Hapana."

"Umeyakaza mara ngapi?"

"Wewe na Paluku muliongea?"

"Vieux, hakuna haja ya kuongea na Paluku. Kila posho nakuonaka na ile tiyo. Kila posho bibi yangu ananiambia, nenda umuambie. Kila posho namuambia, hatanisikia."

"Nisingekusikia," nikasema.

"Na leo?"

Nikaweka beseni ku kichwa. "Leo niko na masikio mbili. Moja ni ya Agnès."

Siku ya pili, 14 janvier

Bukari laini. Agnès alikula mara mbili.

Nilienda kwa Paluku. Hakusema neno moja ya caleçon, na njo hapo nilijua ni mutoto ya kulelewa muzuri. Aliinama chini ya meza, akatoa joint ingine na ile paketi ya mabuloni. Alikuwa ameandika juu na bic: BABA MWELWA. Niliisoma mi mwenyewe, mbele yake, kwa sauti.

Siku ya tatu, 15 janvier

Stanislas alivuka. Mara ya kwanza mu maisha yake kuingia mu lupango yangu. Agnès alimupa munkoyo ya kunywa.

Alichukua buloni ya zamani moja na mupya moja, akazisimamisha pamoja ku meza, pembeni kwa pembeni. Mi nilisema, utaona, ni sawasawa. Akaweka ubao juu. Ubao ikainama. Ya zamani ilikuwa murefu kupita mupya, kama unene ya mbegu ya mahindi.

Tukazisimamisha ingine. Vile vile. Zote zimevutika, zote na shingo nyembamba katikati. Miaka yote nilisema nakaza, kumbe navuta tu.

"Basi ni mi," nikasema.

"Ni chuma," Stanislas akasema. "Chuma ikivutwa kupita mupaka, hairudie tena."

Agnès toka ku kiti akasema, "Bantu banarudiaka. Kidogo."

Siku ya ine, 16 janvier

Mvua kubwa asubuhi.

Tulitoa bâche juu ya kuanza kazi, na nilikuwa nimeshika buloni mupya ya kwanza mukononi, tayari kuijaribu mu tundu, Stanislas akanishika mukono. "Ngoja. Paa yako inavuja."

"Na hiyo ni nini?"

"Angalia mu matundu."

Niliangalia. Matundu ya mabuloni ilikuwa imejaa maji. Maji ya mvua, yenye ilipita pembeni ya bâche. Mi nilifikiri, maji tu, buloni itaisukuma. Lakini maji haibonyezeke. Buloni ingefika juu ya maji na ingenidanganya: ningesikia ngumu mu mabega, ningesema imekaza, kumbe inakanyaga maji, si chuma. Kama ningeongeza nguvu, ile maji ingepasua tumbo ya motere. Na ningeongeza. Najijua.

Mama Benita alileta pompe ya kinga, ya kujaza hewa mu baiskeli ya bwana yake. Claudine alileta vitambaa. Moja anapompa, moja anaweka kitambaa juu maji isimurukie ku macho, tundu na tundu. Bamama balikusanyika, kila moja na kitambaa yake, kama bako ku ubatizo. Tukapompa mupaka matundu yote ilitoa hewa kavu. Kiisha tukaweka tôle ya bati mupya ku paa. Ile tôle ilitoka nyuma ya nyumba ya Stanislas.

Siku ya posho, 18 janvier

Tulirudisha kichwa ya motere juu ya joint mupya, na Stanislas alileta clé yake ya kupima nguvu. Unaiweka namba, unavuta, na ikifika, inalia "ka". Kama inakuambia tosha.

Alinipa mi nivute. Angeweza kuvuta yeye mwenyewe, ni clé yake. Alinipa. Yeye alishika karatasi ya mupangilio: kuanzia katikati, kwenda pembeni, zamu ya kwanza na nguvu kidogo, zamu ya pili zaidi, ya mwisho yote. Mi nilikuwaka naanzia kwenye nimesimama.

Buloni ya kwanza, nikavuta. Ka. Bega yangu ikasema, bado. Nikataka kuongeza.

"Mwelwa," Agnès akasema toka ku kiti, "imesema. Acha."

Nikaacha. Buloni yote, vile. Inasema, naacha. Si rahisi. Mukono yangu ilikuwa kama farasi yenye inajua njia ya zamani. Lakini niliikamata.

Mafuta mupya, maji mupya. Nikazungusha manivelle ya kuwashia. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikashika, ikaimba.

Nikaangalia bomba ya moshi. Sikuangalia kingine. Moshi ilitoka nyeusi kidogo, kiisha ya kijivu, kiisha haikuonekana. Stanislas aliinama ku radiateur na taa. Hakuna povu. Alinyoosha mugongo, akasema kwa Kifransa neno moja, "Voilà," na mi nikamukumbatia mupaka kofia yake ikaanguka. Niliandika hii juu Stanislas asifikiri nimesahau.

Mahindi ya kwanza kusagwa ilikuwa ya Agnès.

Siku ya posho, 25 janvier

Leo ni posho, mukono yangu inawasha. Nilienda kutafuta tiyo. Haiko.

Nikamukuta Agnès ameisimamisha nyuma ya nyumba, ndani ya udongo, na maharagi inapanda juu yake.

"Hii ni tiyo yangu."

"Ilikuwa," akasema.

Siku ya Mungu, 9 février

Maji ya radiateur haipunguke. Aksanti.

Siku ya ine, 20 février

Mvua ndogo. Nimesaga. Nilionana na Stanislas ku barabara: tulisalimiana na mudomo. Alinitukana mashini yangu, nikamutukana yake.

Siku ya pili, 4 mars

Kuran imekatika mu quartier yote tangu juzi. Banasema cabine ya umeme iliungua na radi. Ngambo, mashini ya Stanislas iko kimya.

Leo foleni yangu ilifika mupaka ku barabara. Agnès alikuwa mu foleni na beseni ndogo. Namuambia, pita mbele, wewe ni mwenye mashini. Akasema, "Foleni ni foleni." Anaiba neno ya bantu.

Kiisha bamama baligeuza vichwa ngambo. Nikaangalia. Claudine alikuwa amesimama ngambo, na beseni ku kichwa, ku mulango yake. Alikuwa anaangalia barabara kama vile mi niliiangalia mu janvier. Bwana yake alikuwa nyuma yake, mikono mu mifuko.

Niliacha motere inaimba mwenyewe. Haikuitaji mi. Nikavuka barabara. Nikasimama mbele ya Claudine, nikainua mikono yote mbili, nikamutua beseni, nikaiweka ku kichwa yangu. Stanislas akatikisa kichwa, anacheka bila sauti.

Nikairudisha ngambo, na bantu banaangalia, nikaiweka chini nyuma ya beseni ya Agnès. Si mbele. Nyuma yake, kwenye zamu yake ilikuwa. Claudine akakuja, bakasimama pamoja bao mbili, bakaanza kuongea, na sasa haikuwa tena ku kisima na mu siri.

Siku ya tatu, 12 mars

Mahindi mu shamba imekomaa, manyoya yake imekauka. Madame Émerance amesema tulete maandishi yetu siku ya Mungu.

Asubuhi nilienda nyuma ya nyumba kutafuta mabuloni ya zamani, nizitupe. Nikakuta kinu imelala ubavu, na kuku ya Agnès iko ndani, inalalia mayai. Nilitaka kuifukuza, kinu si mahali ya kuku. Kiisha nikakumbuka ile siku ya matope, neno ya kwanza yenye Agnès alisema akiwa chini: fukuza kuku.

Nikaiacha ilalie, juu hii kinu haitatwanga tena. Nikarudi ku motere pole pole, juu isishituke.